Alanyo na Taa Yenye Macho

Kila asubuhi Alanyo alifagia mlango wake kabla wapangaji wengine hawajaamka. Alikuwa na chumba kimoja huko Kyebando, kile ambacho watu wa Kampala hukiita muzigo. Vyumba vilipangana ukuta kwa ukuta. Ukikohoa, jirani anasikia. Lakini kusikia kikohozi cha mtu si kuzungumza naye.

Marehemu mumewe alikuwa askari polisi. Kwao ni Lira, kaskazini mwa Uganda, lakini Alanyo aliishi naye katika kambi za polisi kwa miaka mingi. Huko kambini ndiko alikojifunza Kiswahili. Walijaliwa mtoto mmoja, Bonny. Sasa Bonny alikuwa Arabuni, analinda majengo. Alipiga simu mara mojamoja.

"Mama, niko sawa," alisema kila mara. Kisha simu ilikatika.

Baada ya kufagia, Alanyo alipika uji wa ulezi. Nusu aliinywa mwenyewe. Nusu aliimimina kwenye themosi, akajifunga leso, akatoka. Uji huo ulikuwa wa Shakirah.

Shakirah alikuwa rafiki yake tangu kambini. Naye alikuwa mjane wa polisi. Mmoja alisali Jumapili na mwingine Ijumaa, na hilo halikuwahi kuwakosanisha. Shakirah alikuwa amepata kiharusi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito, na hakutoka tena nyumbani. Alikaa ng'ambo ya barabara kubwa, kwenye njia ya kuteremkia Bwaise.

Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na njia panda. Magari yalitoka pande nne. Malori yalitoka na mizigo ya soko la Kikuubo. Bodaboda zilipenya popote palipo na nafasi. Alanyo alikuwa na maumivu ya nyonga, na alitembea polepole akivuta mguu. Peke yake asingeweza kuvuka.

Lakini hakuwa peke yake. Katikati ya njia panda alisimama askari wa trafiki aitwaye Ogwang. Naye kwao ni Lira. Akimwona Alanyo amesimama kando ya kibanda cha simu, alimsalimia kwa Kilango, lugha ya kwao.

"*Itye nining*, Mama Bonny?"

"*Atye maber*, mwanangu. Mimi niko mzima."

"Ngoja kidogo. Hii magari nitasimamisha."

Ogwang alinyoosha mkono. Barabara nzima ilisimama. Alanyo alivuka taratibu kama mtu anayepita sebuleni kwake. Kuna siku ambazo, mbali na Shakirah, Ogwang ndiye pekee aliyemwita kwa jina.

Kisha mafundi walikuja. Walichimba, wakasimamisha nguzo ndefu, wakafunga taa mpya. Juu ya taa walifunga vitu vidogo vyeusi kama macho. Watu walisema hizo ni taa zenye akili. Asubuhi moja Ogwang alimfuata Alanyo hadi kwenye kibanda cha simu.

"Mama Bonny, mimi nimehamishwa. Hapa sasa taa itafanya kazi."

"Unakwenda wapi?"

"Upande wa Entebbe. Usiogope. Hii taa itakusaidia."

Alanyo alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Kesho yake alisimama mahali pake pa siku zote, kando ya kibanda cha simu. Alisubiri. Taa za magari zilibadilika, nyekundu kwa kijani. Taa ya watu, ile yenye picha ya mtu, ilibaki nyekundu. Vijana walipita wakikimbia kati ya magari. Wakati mmoja watu kadhaa walikusanyika mbele zaidi, na mtu wa kijani akawaka. Alanyo alijikokota kuwafuata. Alipofika ukingoni, mtu alikuwa mwekundu tena.

Jua lilipanda. Mguu ulimuuma. Alirudi nyumbani, akafungua themosi, akanywa uji wa Shakirah mwenyewe. Haukuwa na ladha.

Alimpigia Shakirah simu. Aliona aibu kusema kwamba barabara imemshinda.

"Nina homa kidogo," alisema. "Nitakuja kesho."

Kesho ilifika, na taa ikamkataa. Alisema tena ana homa. Siku nyingine alisema ana wageni. Wiki ikapita, na nyingine ikafuata. Sauti ya Shakirah ilianza kubadilika.

"Alanyo," alisema siku moja, "hao wageni wako hawaondoki? Kama umechoka kumhudumia mgonjwa, sema tu. Mimi si mtoto."

"Si hivyo, Shakirah."

"Basi ni vipi?"

Alanyo alianza tena habari ya homa. Shakirah alikata simu. Tangu siku hiyo hakupokea tena.

Sasa siku za Alanyo zilikuwa ndefu. Alifagia mlango mara mbili. Alikaa kwenye kigoda na kutazama ukuta wa jirani. Mpangaji wa chumba hicho alikuwa msichana Mkenya aitwaye Nelima. Alitoka mapema na kurudi jioni, amechoka, na viatu vya kazi vyenye vumbi. Walisalimiana bombani, basi. Ilifika jioni Alanyo akagundua kwamba tangu asubuhi hajatoa sauti. Alijikohoza, ahakikishe kwamba bado anayo.

Siku moja aliamua. Alipika uji, akajaza themosi, akaenda njia panda. Wanafunzi wengi walikuwa wanavuka. Alijiunga nao. Lakini wanafunzi walikimbia, na yeye hakuweza kukimbia. Alibaki katikati, na magari yakaanza kuondoka. Honi zililia mbele na nyuma.

"*Maama, va mu kkubo!*" alifoka dereva wa lori. Toka barabarani!

Bodaboda ilipita karibu mno, ikamgusa bega. Alanyo alianguka. Themosi ilipasuka, na uji ukamwagika juu ya lami. Mwanamke mmoja alimwinua, akamsaidia kurudi upande aliotoka, kisha akaenda zake.

Jioni Nelima alimkuta bombani akiosha kiwiko. Damu ilikuwa imeganda.

"Mama Bonny! Umefanya nini?"

"Nimeanguka."

"Wapi?"

"Pale njia panda. Kwa ile taa mbaya." Alanyo aliposikia sauti yake mwenyewe, hasira ilimpanda. "Ile taa imemfukuza Ogwang wangu. Imenifungia njia. Rafiki yangu anadhani nimemtupa. Aliyeleta hiyo taa hana mama?"

Nelima aliweka ndoo chini.

"Mimi ni mmoja wao," alisema polepole.

"Wao nani?"

"Mafundi wa zile taa. Ninafanya kazi kwenye kampuni inayozitunza. Na mama ninaye. Yuko Bungoma. Sijamwona mwaka huu."

Maji yaliendelea kutiririka. Kisha Nelima alifunga bomba.

"Njoo nikufunge huo mkono," alisema. "Halafu uniambie vizuri. Kila siku unasimama wapi?"

Waliingia chumbani kwa Nelima. Kilikuwa kama cha Alanyo: kitanda, jiko, ndoo, na kiti kimoja. Alanyo alipewa kiti. Nelima alikaa sakafuni, akafunga jeraha kwa kitambaa safi.

"Ninasimama kando ya kibanda cha simu," alisema Alanyo. "Hapo ndipo Ogwang alikuwa ananiona."

"Ahaa. Ogwang alikuona kwa sababu aligeuza shingo. Kamera yetu haigeuzi shingo."

"Kwani zile ni macho kweli?"

"Ni kamera. Kila kamera inatazama upande wake. Picha inaingia kwenye kompyuta iliyo ndani ya lile sanduku la chuma. Kompyuta inahesabu: hapa kuna magari mengi, kule kuna machache. Taa za zamani zilikuwa na muda uleule kila siku. Upande usio na gari ulipewa kijani, na upande wenye foleni uliendelea kungoja. Hizi zinagawa muda kulingana na wingi wa magari. Hiyo ndiyo watu wanaita akili bandia."

"Nani aliifundisha?"

"Watu. Waliionyesha picha nyingi sana. Hili ni gari. Hii ni bodaboda. Huyu ni mtu. Baada ya picha nyingi ikaanza kutambua yenyewe. Lakini inajua yale tu iliyofundishwa, na inaona pale tu ilipoelekezwa."

Alanyo alifikiri.

"Inajua mimi ni Mama Bonny?"

"Hapana. Haijui jina la mtu. Inaona umbo tu: mtu amesimama, mtu anavuka."

"Basi hainijui."

"Haikujui, Mama. Lakini inaweza kukuona. Jumamosi sina kazi. Twende wote."

Jumamosi walikwenda. Nelima alimpitisha Alanyo kwenye kibanda cha simu, wakasonga mbele hadi kwenye ukingo wa barabara. Hapo chini palikuwa na mraba uliopakwa rangi ya njano. Alanyo alikuwa ameuona, lakini alidhani ni wa mafundi.

"Simama humu," alisema Nelima. "Kamera inatazama humu. Ukisimama kule kibandani, haikuoni kabisa. Kwake ni kama hujafika."

"Na hiki?" Alanyo alionyesha kitufe kwenye nguzo.

"Kibonyeze mara moja. Ni kama kupiga hodi. Halafu ngoja. Kukibonyeza mara kumi hakuleti kijani haraka."

Alanyo alibonyeza. Taa ndogo iliwaka juu ya kitufe.

"Imesikia," alisema Nelima. "Sasa inatafuta nafasi ya kukupa. Mtu wa kijani akiwaka, usishuke hapohapo. Tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Taa haina mikono ya kumzuia mwenye bodaboda asiyetii. Na ukikuta mtu wa kijani ameanza kumetameta, usianze kuvuka. Ngoja zamu nyingine."

Mtu wa kijani aliwaka. Alanyo alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Alishuka. Nelima alitembea kando yake bila kumshika. Hatua kwa hatua walikwenda. Walipofika katikati, mtu wa kijani alianza kumetameta. Alanyo alijaribu kuharakisha, na nyonga ikakataa. Kisha mtu akawa mwekundu. Nelima alijitokeza mbele ya magari na kuinua mikono yote miwili. Honi zililia, lakini walifika.

Alanyo aliegemea nguzo.

"Unaona?" alisema. "Nimefanya kila kitu ulichosema. Kosa langu ni nini?"

Nelima aliwatazama watu wengine wakivuka. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani alimalizia kwa kukimbia. Mzee mwenye fimbo alifika ukingoni, akatazama magari, akageuka na kurudi alikotoka.

"Kosa si lako," alisema hatimaye. "Ni letu. Muda wa kuvuka tuliuweka kwa mtu anayetembea haraka. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Haya macho yetu lazima yaambiwe."

"Nani atayaambia?"

"Wewe. Namba ya ofisi ya taa iko hapa kwenye nguzo. Wakisikia kutoka kwangu, ni fundi mmoja anasema. Wakisikia kutoka kwako, ni mtu anayevuka."

"Mimi nitasema nini? Sijui mambo ya kompyuta."

"Sema yaliyokupata. Taja mahali, taja saa, eleza kilichotokea."

Walitafuta kivuli wakaketi. Nelima alipiga namba, akampa Alanyo simu. Mwanaume alipokea. Alanyo alikaa wima kama aliyeitwa mbele ya mkuu wa kambi.

"Jina langu ni Alanyo. Mimi niko hapa njia panda, upande wa kuteremkia Bwaise. Sasa hivi nimevuka. Kijani imeisha mimi niko katikati. Mimi natembea pole. Juzi nimeanguka. Si mimi peke yangu. Kuna mzee ameshindwa, amerudi."

"Nyabo, tumeandika," alisema mwanaume, akimwita bibi kwa Kiganda. "Tutaangalia."

Jumatatu hakuna aliyekuja. Jumanne hakuna. Alanyo alikaa kwenye kigoda chake na kusema moyoni, nimezungumza na ukuta. Jioni Nelima alipita na sahani ya mboga. Walikula pamoja.

"Piga tena," alisema Nelima. "Nami nimewaambia kazini. Wamefungua picha za kamera. Wameona watu wengi wanabaki katikati."

Alanyo alipiga tena. Safari hii aliulizwa kama anaweza kufika njia panda Alhamisi asubuhi. Alifika. Alimkuta Nelima amevaa koti la kung'aa, pamoja na injinia aitwaye Kakule. Askari mmoja alisimama kuzuia magari.

"Jambo, mama," alisema Kakule, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. "Tunaomba utembee mwendo wako wa kawaida. Usijikaze kwa ajili yetu."

Alanyo alivuka, akarudi. Alivuka tena. Yule mzee mwenye fimbo naye alikuwa ameitwa. Mama mwenye mtoto mgongoni alisimama akauliza kuna nini, naye akaombwa avuke. Kakule alitazama kompyuta yake.

"Zamani kamera ilikuwa inaangalia tu anayesubiri," alimweleza Alanyo. "Sasa tunaiambia iangalie pia anayevuka. Kama mtu bado yuko barabarani, magari yaendelee kungoja. Muda huo wa kungoja una mwisho, lakini ni mrefu kuliko wa kwanza. Na usiku au mvua ikiwa kubwa, kamera haioni vizuri. Wakati huo taa itatoa muda mrefu yenyewe, bila kutegemea kamera."

"Na ikikosea tena?"

"Utapiga simu tena, mama. Sisi hatukai hapa. Ninyi ndio mnakaa."

Siku chache baadaye Nelima aligonga ukuta kwa kidole.

"Mama Bonny! Imewekwa. Kesho jaribu."

Asubuhi Alanyo alipika uji na kuutia katika kibuyu alichoazima kwa mpangaji mwingine. Alikwenda peke yake, kwa sababu Nelima alikuwa kazini. Alisimama kwenye mraba wa njano. Alibonyeza mara moja. Alisubiri.

Mtu wa kijani aliwaka. Alanyo alitazama kulia, kushoto, kulia tena, akashuka. Wengine walimpita. Katikati ya barabara alibaki yeye tu. Dereva wa taksi alipiga honi. Lakini taa ya magari ilibaki nyekundu. Malori yalinguruma pale pale yalipo. Barabara yote ilimngoja mwanamke mmoja na kibuyu chake.

Alifika. Alisimama ukingoni na kugeuka. Kwa mazoea alitaka kumshukuru mtu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nguzo tu, na magari yalikuwa yameshaondoka. Hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Alanyo alisimama hapo kidogo, kisha akaendelea na safari yake.

Mlango wa Shakirah ulikuwa umefungwa. Alibisha hodi.

"Nani?" Sauti ilikuwa kavu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Alanyo."

Ikasikika fimbo, na mguu mzito ukiburutwa. Ilichukua muda. Alanyo alingoja. Mlango ulifunguka kidogo. Shakirah alikuwa amekonda. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa upande.

"Wageni wako wameondoka?" aliuliza.

"Hapakuwa na wageni. Wala homa. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Barabara ilinishinda. Ogwang amehamishwa, wameweka taa, na mimi nikashindwa kuvuka. Niliona aibu. Nilianguka, Shakirah. Tazama."

Alionyesha kiwiko. Shakirah alikitazama muda mrefu.

"Kumbe ni barabara," alisema. "Mimi nilidhani ni moyo."

Alifungua mlango wote. Waliketi mkekani. Shakirah alikunywa uji hadi kibuyu kikabaki kitupu. Alanyo alimfunga kitambaa chake vizuri. Kisha alimweleza yote: mraba wa njano, kitufe, kamera, yule msichana wa Bungoma ambaye siku zote alikuwa nyuma ya ukuta, na injinia aliyemwomba atembee mwendo wake wa kawaida.

"Na magari yalingoja kweli?" aliuliza Shakirah.

"Yalingoja. Hata malori."

"Mimi ni wa pole kuliko wewe. Itaningoja na mimi?"

Alanyo alitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa amemdanganya rafiki yake vya kutosha.

"Sijui," alisema. "Twende tukaone. Ikishindwa, tutarudi tuwapigie simu. Namba ninayo."

Shakirah aligeuza uso kuelekea dirishani. Huko nje sauti ya barabara ilisikika kwa mbali, ikipanda na kushuka. Hakuwa amevuka ng'ambo tangu alipougua.

"Viatu vyangu viko chini ya kitanda," alisema. "Inama unitolee."